Matairi ya Njia ya Kwetu

Juma lililopita jirani yangu, mwenye bajaji moja na maneno mengi, aliniomba nimhifadhie matairi matatu mapya kwa siku mbili. Kwake kuna wajukuu, na wajukuu wakiona tairi hawalioni kama mali, wanaliona kama farasi. Aliniomba mie kwa sababu anajua sitoki. Mtaa mzima unajua. Ukitaka kuacha ufunguo, mzigo au mtoto anayelia, acha kwa Somoe, Somoe yupo. Sie wa Ukonga tumeshazoea utani. Ukimwambia mtu unaishi Ukonga lazima akuulize umebakiza miaka mingapi, kwa ajili ya lile gereza letu. Mie hujibu kwamba changu ni kifungo cha maisha, na nilijihukumu mwenyewe.

Basi matairi yakaingia sebuleni, yakapangwa pembeni ya kabati la vyombo. Ilipofika adhuhuri nyumba yote inanuka mpira mpya. Harufu ile mnaijua: ina mafuta ya taa kidogo, ina viatu vya shule kabla havijavaliwa, inakaa kooni kama dawa. Nilikuwa nimejimiminia chai. Sikuinywa. Harufu ilinichukua mzima mzima ikanirudisha Buguruni, dukani kwa Mzee Abbas, nikiwa na miaka kumi, nimesimama kati ya nguzo mbili za matairi yaliyonizidi kimo.

Baba alikuwa mchongaji wa vinyago. Ni Mmakonde wa Newala aliyekuja Dar kijana, akaoa, akajenga vyumba viwili na banda la bati nyuma yake. Bandani ndimo alimochonga mpingo, na sie tulikua tukichomwa nyayo na vipande vyake. Alikuwa na pikapu. Kwenye kadi iliandikwa nyeupe, na kwa heshima ya kadi nasi tuliiita nyeupe. Ilibeba vinyago kwenda Mwenge, kwenye soko la vinyago, na ikarudi na magogo alipoyapata. Njia yake yote ilikuwa lami. Vumbi lilikuwa lile la kutoka uani kwetu hadi barabara kubwa, kipande ambacho hata kuku alikikatiza bila kuhema.

Lakini Baba hakuwahi kukubali kwamba ile ni gari ya mjini. Kila mwaka, mvua zikikaribia kwisha, aliipiga bodi kwa kiganja akasema, "Mwaka huu tunakwenda kwetu." Mama alikuwa anaitika tu, "Inshallah," kwa sauti ile ya mtu anayefunika sufuria. Mwaka ukapita, ukaja mwingine.

Hapo kwenye neno hilo, kwetu, ndipo kosa langu lilipoanzia. Naomba mnisikilize vizuri. Baba akitoka kazini alisema anarudi nyumbani. Hakuwahi hata siku moja kusema anarudi kwetu. Kwetu, kinywani mwake, palikuwa mahali pamoja: uwanda wa juu kule Newala, alikobaki mama yake. Mie nilizaliwa Ukonga. Nilikuwa sijaiona Newala, na Bibi nilimjua kwa korosho tu, zile alizotutumia kwa watu wa basi zimefungwa kwenye kanga iliyokatwa. Kwangu, kwetu ni pale uani. Nani angeniambia vingine?

Mwaka ninaousema, mvua hazijaanza bado, Baba Mdogo alipiga simu kutoka kijijini. Bibi alikuwa ameanguka akitoka kuchota maji, nyonga imevunjika. Hospitali ya kule wamemfunga, wamemlaza, kisha wamesema apelekwe Dar. Ila hawezi kukaa. Kwenye kiti cha basi hawezi hata nusu saa, sembuse safari ile. Nakumbuka Baba amesimama uani, simu ya Mama sikioni, mkono mwingine umeshika patasi bila kujua.

"Mwambie nakuja kumchukua na gari," alisema. "Nitaweka godoro nyuma. Atalala njia nzima."

Mama hakusubiri kuambiwa. Kesho yake godoro jipya lilikuwa limesimama ukumbini, bado liko ndani ya nailoni yake. Akanijulisha kwamba Bibi akija atalala chumbani kwangu, kitandani kwangu, na mie nitapisha. Msinione malaika: nilinuna. Tangu utoto mie na kitanda changu tumekuwa na mapenzi ambayo watu hawayaelewi.

Kikwazo kikawa matairi. Yalikuwa vipara. Ukipitisha kiganja juu yake hukuti hata mstari, ni laini kama sahani. Kwenye lami kavu yalivumilika. Lakini wakati ule njia ya Kusini, ukishavuka Rufiji, ilikuwa na kipande kirefu cha udongo, na mvua ikinyesha udongo ule unakuwa uji. Fundi pancha wa mtaani, kijana mchangamfu, alikuja na kisu chake cha moto.

"Fundi mwenzangu, nikuchongee mistari? Wallahi yatakuwa mapya, hata trafiki atakupigia saluti."

Baba alimtazama kwa huruma. "Mie nachonga mti, mdogo wangu. Tairi la kuchongwa ni kizee kilichopakwa piko. Mvua moja tu, mvi zinatoka."

Jumamosi asubuhi tukaenda Buguruni. Nilikwenda kwa sababu Mama alitaka mtu wa kumkumbusha Baba anunue na dagaa sokoni. Mzee Abbas alikuwa Mhindi mwembamba mwenye kofia nyeupe na miwani iliyofungwa uzi, anayeuza matairi tangu, kwa maneno yake, matairi yalipokuwa matairi. Sifa yake ni kwamba alikuwa radhi ukose kununua kuliko ununue kitu kisichokufaa. Watu walimwendea kama wanavyomwendea mganga: unaeleza unapoumwa, anakuandikia.

Baba alimwamkia, wakaulizana hali, kisha akaanza kukagua. Lo, ungemuona! Aliligusa tairi kama gogo la mpingo. Aliligonga kwa kifundo cha kidole akainamisha kichwa kusikiliza. Alilibonyeza ubavuni kwa ukucha. Alinusa. Mwisho akasimama mbele ya yale yenye meno makubwa, meno yaliyotengana kiasi kwamba ngumi yangu iliingia katikati yake, akaweka kiganja juu ya moja akakiacha hapo.

"Hayo ni ya matope," Mzee Abbas alisema. "Mazuri sana. Kwenye matope yanatambaa kama kenge. Lakini kwenye lami, Fundi, yatakuimbia njia nzima, yataliwa haraka, mafuta yatakwenda, na siku lami imelowa ukikanyaga breki utamkumbuka Mungu. Haya hapa ni ya lami. Mistari myembamba, inatoa maji, hayana kelele. Ubavu mgumu, kwa sababu wewe unabeba magogo. Na yale pale ni ya katikati. Si simba, si paka." Akalipindua moja, akatuonyesha tarakimu nne ndogo ubavuni. "Na hii lazima utazame. Wiki na mwaka wa kuzaliwa. Tairi linazeeka hata likikaa tu dukani bila kwenda mahali."

(Kila nikilikumbuka neno hilo najitazama kwenye kioo.)

Kisha akauliza swali ambalo muuza matairi yeyote mwaminifu lazima aulize. "Sasa niambie. Gari linakwenda wapi siku nyingi?"

Mkono wa Baba ulikuwa bado juu ya lile la meno. Akakohoa kidogo.

"Kwetu," alisema.

"Kwenu wapi?"

Ningependa kuwaambia kwamba nilifikiri. Sikufikiri. Shuleni nilikuwa mtoto asiyenyoosha kidole; swali lilipokuja nilijifanya natafuta penseli. Na hapa, kwa mara ya kwanza maishani, mtu mzima ameuliza swali nami jibu ninalo, lote, bila kukosea hata herufi. Likanitoka.

"Ukonga! Linatokaga Ukonga, linaenda Mwenge, linarudi. Ijumaa halitoki kabisa. Haliendi popote pengine, Babu."

Duka zima lilicheka. Vijana waliokuwa wanapachika tairi kwenye rimu waliacha nyundo. Mzee Abbas alivua miwani akajifuta macho. "Fundi, una shahidi hapa! Huyu hata mahakamani humshindi." Baba naye akacheka. Alicheka wa mwisho, kama mtu aliyechelewa kuambiwa kichekesho. Akanitazama. Uso wake ulitulia ghafla, ukawa kama wa mtu aliyetua ndoo, na mie nikadhani amejivunia binti yake.

"Basi nipe ya lami," alisema, na akaondoa mkono.

Tukarudi Ukonga na matairi manne mapya yanayoteleza barabarani bila kelele, na dagaa tumesahau.

Mama alitoka kutazama. Alizunguka gari mara moja. Alikuwa binti wa dereva wa lori, na haya mambo hakuhitaji kufundishwa. "Baba Somoe, haya si ya lami?"

"Ya lami. Mzee Abbas kasema gari letu ni la lami."

"Na Mama, kule Newala?"

"Bado hazijanyesha. Nitawahi."

Hakuwahi. Kulikuwa na kinyago cha mteja kilichotakiwa kimalizike, halafu kulikuwa na betri, halafu siku ya nane ikanyesha. Ilinyesha kama inavyonyeshaga masika, mabati hayaachi watu wasikizane. Baba alisimama mlangoni mwa banda akaangalia maji yakipita uani, akasema bila kugeuka, "Na matairi haya, Rufiji sipiti. Mvua zikatike kwanza." Alikuwa na haki. Kila dereva angesema hivyo. Mama aliingia ukumbini, akalitazama godoro, akalihamisha kutoka ukuta unaovuja kwenda ukuta usiovuja.

Nami, niseme kweli yangu yote leo? Nililala kitandani kwangu nikisikiliza mvua, na nilifurahi.

Bibi alifariki katikati ya masika. Simu ilikuja asubuhi, wakati Mama anapepeta mchele. Kwa desturi yetu Waislamu maiti hasubirishwi, na Baba Mdogo alisema watazika alasiri ile ile. Baba alikwenda bandani, akafuta vyombo vyake kimoja kimoja kwa kitambaa chenye mafuta, akavipanga. Kisha akachukua funguo. Mama alimkimbilia na chupa ya maji na maandazi. Kumbe Baba alikuwa ameshalipakia lile godoro bila kusema; Mama akalishusha ili gari liwe jepesi, Baba akalipandisha tena.

"La nini, Baba Somoe?" Mama alimwuliza, kwa upole.

"Nilimwambia nakuja nalo," alijibu, akawasha gari.

Akaondoka kwenye mvua, na matairi yake ya lami.

Yaliyotokea njiani aliyasimulia baadaye kwa vipande. Alinasa mara mbili kwenye kile kipande cha uji. Watu wa pale walikuwa wamefanya kusukuma magari kuwa ajira. Walikuja na majembe na matawi, wakamwuliza amefiwa na nani, na walipoambiwa ni mama, wakamsukuma bila kutaka chochote. Akalala kwenye foleni ya malori. Siku ya pili akafika Newala. Alikuta kaburi bichi, udongo umelowa, na vijiti viwili vimechomekwa.

Alirudi baada ya wiki tatu. Godoro hakurudi nalo; alimwachia shangazi aliyekuwa akimwuguza Bibi. Mie nilitumwa kuosha gari. Mnayajua matairi ya lami, mistari yake ni myembamba kama ya daftari. Udongo mwekundu ulikuwa umejaa kwenye kila mstari, umekauka, umekuwa kama tofali. Niliuchokoa kwa kijiti tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Ule ulikuwa udongo wa kwanza wa Newala kuushika mikononi, nami nauchokoa niutupe.

Siku chache baadaye tukapitia Buguruni, tairi la nyuma linapoteza upepo. Mzee Abbas aliinama, akapitisha kidole, akakitazama kidole chake.

"Fundi. Ulikwenda Kusini na haya?"

"Nilifiwa na mama."

Mzee Abbas alisimama wima. "Pole. Mungu amrehemu." Kisha akasema kama anayejilaumu, "Mbona hukuniambia? Mimi mtoto wa Lindi, nimezaliwa kule. Tope lile nimelikula. Ungeniambia una safari ile ningekupa ya katikati, ungekwenda na kurudi."

Mzee Abbas, bila ubaya wowote, akanitazama mie. Mie nikatafuta penseli.

Basi toka siku ile nikajua. Mie ndiye. Mtu aliulizwa njia yake, akajibu, na mtoto wake akamkatiza mdomoni, akamwambia mbele za watu kwamba hana kwao ila Ukonga. Angenyamaza huyo mtoto, Baba angechukua matairi yanayotambaa kama kenge, angemfikia mama yake yungali hai. Hesabu ilikuwa nyepesi, hata mie niliyemaliza kidato cha nne kwa huruma ya msahihishaji niliipiga. Nimekua nayo. Watu huniuliza kwa nini Somoe ni mtu wa ndani hivi, mie natania. Ukitania vizuri hawarudii swali.

Juma lililopita, chai imepoa mbele yangu na nyumba inanuka, nilinyanyuka nikaenda nyuma, bandani. Baba sasa ni mzee. Hachongi vikubwa, anasugua vijiko vya kupakulia, polepole, kwa msasa. Pikapu iliuzwa zamani. Nilikaa kwenye gogo.

"Baba, unaikumbuka siku ile ya Buguruni, kwa Mzee Abbas?"

"Naikumbuka."

"Mie ndiye niliyesema gari haliendi popote."

"Ulisema kwetu ni Ukonga," alinisahihisha. Msasa haukusimama.

"Nisamehe, Baba. Nisingesema, ungechukua yale ya matope."

Hapo msasa ukasimama. Alinitazama kama vile nimemwambia nimepata mimba ya simba.

"Umekaa na hilo muda wote huu?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Somoe. Yale matairi ya lami, si yalifika?"

Yalifika. Nilichokoa udongo wake kwa mikono yangu, asubuhi nzima, na katika miaka yote hii sikuwahi kujiuliza udongo ule ulifikaje.

"Yalifika kwenye mvua kubwa kuliko zote," alisema. "Wiki ile ya kwanza palikuwa pakavu. Ningekwenda na vile vipara. Ningetaka kwenda, neno la mtoto lingenizuia?" Akapuliza vumbi la kijiko. "Nilipotoka kule nilimwambia mama nakwenda mwaka mmoja, nikirudi namjengea nyumba ya bati. Ikawa kumi na tatu. Kila nikifikiria kwenda, naona macho yake yanapanda kwenye paa la makuti, yanashuka kwangu. Nikaanza kuogopa kupelekewa hata salamu. Siku ile ulipojibu wewe, moyo wangu ulishukuru. Unanisikia? Ulishukuru. Nikasema, alhamdulillahi, sababu hii hapa."

Nikaukumbuka uso wake dukani, ulivyotulia. Kumbe ndoo aliyoitua ilikuwa hiyo. Nilidhani miaka yote kwamba nilimnyang'anya Baba njia yake, na yeye miaka hiyo hiyo alikuwa akiniona, kila siku, mtoto aliyempa kisingizio asichopaswa kupewa. Tumekula sahani moja, kila mtu na lake, na hakuna aliyeuliza. Utotoni nilijua swali la Mzee Abbas ni la matairi. Sasa naelewa kwamba lilikuwa swali zito kuliko duka lile, na Baba alikuwa na jibu la kweli mdomoni, na lilimtisha.

"Mama alijua?" niliuliza.

"Mama yako alijua siku alipozunguka gari."

Kuku walikuwa wakiparua maranda. Baba hakuwa anaomba kupozwa. Alikichukua kijiko kingine, akakitazama kwa nuru, kisha akaniuliza, si kwa ukali, kama anayeuliza saa:

"Na wewe? Siku hizi ni lami tupu mpaka Mtwara, na basi la Newala lipo kila alfajiri. Kaburi la bibi yako hujaliona. Kinachokuzuia ni nini?"

Nilitafuta sababu. Nilitafuta kwa bidii, kama mtu anayetafuta sarafu kwenye mchanga, na Baba akanisubiri, kijiko mkononi.